Deni la Majimaji: Ujerumani ikikubali kulipa, nani akae mezani?

Ndugu zangu, tangu Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, asimame Songea tarehe 1 Novemba 2023 na kuomba radhi kwa yale Wajerumani waliyoyafanya katika Vita vya Majimaji, vita vya 1905 hadi 1907 vya watu wa kusini mwa nchi yetu dhidi ya utawala wa Kijerumani, tumekuwa tukivutana palepale: watulipe, au yaishe? Mimi niko upande wa watulipe, na sifichi. Ila naona tunagombania swali dogo na kuliacha kubwa. Walipe kwa kosa lipi hasa, na wamlipe nani?

Tukitajiwa Majimaji, wengi wetu tunakumbuka bunduki na kamba. Tunakumbuka watu waliofyekwa kwa bunduki za rashasha pale Mahenge, Agosti 30, 1905. Tunamkumbuka Nduna (kiongozi wa vita wa Wangoni) Songea Mbano na wenzake walionyongwa mwaka 1906, ambao huadhimishwa kila Februari 27. Yote hayo ni kweli na yanauma mpaka leo. Lakini kilichoua watu wengi zaidi kusini ni njaa, na njaa ile haikutoka mbinguni. Kapteni Wangenheim wa jeshi la Kijerumani alimweleza Gavana wa koloni, von Götzen, kwamba mapigano peke yake ni tone baharini, na kwamba njaa na ufukara tu ndivyo vitakavyowatiisha watu moja kwa moja. Ikafanyika hivyo. Vijiji vikachomwa, maghala ya nafaka yakachomwa au kuporwa, mazao yakaharibiwa yakiwa shambani. Vita ilipokwisha mwaka 1907, watu waliendelea kufa kwa sababu mbegu hazikuwepo. Serikali ya Ujerumani yenyewe ilitaja vifo 75,000. Watafiti waliofuata walifikisha kati ya 250,000 na 300,000. Wazungu waliokufa hawakuzidi 15.

Kwangu mimi hilo ndilo kosa lenyewe. Asiyekuwa na mkuki, bibi aliyebaki na wajukuu, mtoto wa kunyonya, wote walikusudiwa. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema "ilikuwa vita, na vita ni vita".

Na hebu tukumbuke ilianzaje. Wamatumbi wa vilima vya Kilwa walishalipa kodi ya nyumba, rupia 3, kisha wakalazimishwa kulima pamba kwenye mashamba ya pamoja chini ya akida na jumbe (wasimamizi wa utawala wa Kijerumani), wakati mashamba yao wenyewe yakimezwa na magugu na nguruwe. Mapato yakigawanywa, kuna waliopewa senti 35 kwa jasho la mwaka mzima, na wapo waliozikataa palepale. Mwishoni mwa Julai 1905 wazee wawili wa Nandete, Ngulumbalyo Mandai na Lindimyo Machela, wakaingia shambani wakang'oa mashina machache ya pamba. Ndivyo vita ilivyotangazwa. Dawa ya mganga Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, maji yaliyoaminika kuzuia risasi, iliwaunganisha watu ambao hawakuwa na mfalme mmoja wala lugha moja, lakini hasira ilikuwepo kabla ya maji. Nasisitiza hili kwa sababu bado kuna wanaofundisha watoto kwamba babu zetu walikufa kwa ushirikina. Walikufa kwa kukataa kunyonywa.

Sasa hoja za upande wa pili. Ipo inayosema waliochoma maghala walikuwa askari Waafrika: Wasudani, Wamanyema, Wanyamwezi, pamoja na rugaruga (wapiganaji wa kukodiwa). Ni kweli, na historia hiyo tuisome bila kuionea haya. Lakini mshahara ulitoka kwa nani, na amri ilitoka kwa nani? Aliyetoa amri ndiye mwenye deni. Ipo pia inayosema Ujerumani tayari inatupa misaada, hiyo sitaipa muda: msaada hutolewa kwa hiari ya mtoaji, deni halilipwi kwa hiari.

Hoja yenye nguvu ni ile inayosema walioumizwa wote wameshakufa. Mwaka 2013 Uingereza ilipowalipa wahanga wa mateso ya wakati wa Mau Mau, Kenya, paundi milioni 19.9, waliolipwa walikuwa watu 5,228 walio hai, wenye majina na makovu. Sisi hatuna hao. Ndiyo maana naona madai yetu hayawezi kuwa ya mtu mmojammoja. Yawe ya maeneo: Kilwa, Liwale, Ulanga, Songea, Njombe na kwingineko ambako nchi ilibaki tupu. Sehemu ya ardhi ile ilirudi kuwa pori, mbung'o wakaingia, na baadaye eneo kubwa likawa ndani ya Pori la Akiba la Selous. Jeraha la namna hiyo linaonekana hata leo kwenye ramani, halihitaji shahidi aliye hai.

Hapo ndipo linapokuja swali la nani akae mezani, na hapo ndipo ninapoogopa. Mwaka 2021 Ujerumani na Namibia zilitangaza makubaliano ya euro bilioni 1.1 kwa miaka 30, kuhusu mauaji ya Waherero na Wanama ya 1904 hadi 1908. Yalifanywa baina ya serikali na serikali, na Ujerumani ikakataa kuyaita fidia. Viongozi wengi wa Waherero na Wanama, ambao ndugu zao ndio waliouawa, walilalamika kwamba hawakushirikishwa ipasavyo, na wengine wakayakataa kabisa. Sisi tunaelekea njia ileile tusipoangalia. Februari 2017 Waziri wa Ulinzi wa wakati huo, Hussein Mwinyi, alilieleza Bunge kuhusu nia ya kudai fidia. Je, ni kijiji gani cha Umatumbi kiliwahi kuulizwa kinataka nini? Fedha zikipita hazina kuu zikaishia kwenye mradi wowote mahali popote, Nandete itabaki na mnara tu.

Kabla ya fedha, warudishe vichwa. Familia ya Nduna Songea bado inakitafuta kichwa chake, ambacho inaaminika kilipelekwa Ujerumani. Wasituambie haiwezekani: Mkataba wa Versailles wa 1919 uliwaamuru kurudisha fuvu la Mkwawa, mtawala wa Wahehe, na ingawa ilichukua mpaka 1954, lilifika Kalenga. Na mwaka 2023 vipimo vya DNA huko Berlin viliwapata ndugu walio hai wa baadhi ya mafuvu yaliyotoka Kilimanjaro.

Nawaachia uwanja. Wenye asili ya Umatumbi, Ungindo, Upogoro, Ubena na Ungoni ningependa kuwasikia kwanza: mngetaka kuwakilishwa na wizara, na mabaraza ya wazee wenu, au na chombo kipya mtakachokichagua wenyewe? Na mnaopinga fidia, nielezeni njaa ile mnaiweka fungu gani.