Ubuntu 22.04: draiva ya Nvidia haipandi baada ya keneli kutoka 6.2 kwenda 6.5

Swali
Wakuu, mashine ni Ubuntu 22.04, kadi RTX 3060, draiva 535. Baada ya `apt upgrade` keneli (kiini cha mfumo) imetoka 6.2.0-39 ikaja 6.5.0-14. Skrini imeshuka hadi 1024x768, `nvidia-smi` inadai haiwasiliani na draiva, na kila ninachosakinisha apt inaishia kulalamikia nvidia-dkms-535 (kifurushi kinachokompaili draiva upya kwa kila keneli mpya). Kwenye `dpkg -l` imewekewa alama iF, yaani usanidi wake haujakamilika. Nikiwasha keneli ya zamani kupitia GRUB (menyu ya kuwashia mashine), mambo shwari. Nifute vyote?

Jibu 1
Usifute kwanza. Kama 6.2 inawaka vizuri, draiva ni nzima. Kilichokwama ni kukompaili moduli yake (sehemu inayoingia ndani ya keneli) kwa ajili ya 6.5. Endesha `dkms status`, kisha fungua `make.log` ndani ya `/var/lib/dkms/nvidia/`, folda ya toleo lako, `build`. Ukikuta `unrecognized command-line option '-ftrivial-auto-var-init=zero'`, mchawi ni gcc, yaani kompaila. Keneli ya 6.5 imekompailiwa kwa gcc-12, ilhali gcc ya kawaida ya 22.04 ni 11, nayo haiijui swichi hiyo.

```
sudo apt install gcc-12 linux-headers-6.5.0-14-generic
sudo update-alternatives --install /usr/bin/gcc gcc /usr/bin/gcc-12 12
sudo dkms autoinstall -k 6.5.0-14-generic
sudo dpkg --configure -a
```

Kama apt yenyewe inagoma kusakinisha gcc-12, sakinisha ukiwa umewasha 6.2. Hizo headers (faili za keneli zinazohitajika kukompaili moduli) usizipuuze: aliyesakinisha image (keneli yenyewe) peke yake bila kifurushi cha linux-generic-hwe-22.04 haletewi.

Muulizaji
Ni gcc kweli, na moduli imekubali. Lakini sasa apt inataka kuleta 550 juu ya 535, na `nvidia-smi` inasema `Driver/library version mismatch`.

Jibu 2
Hapo una ripo ya CUDA, yaani hazina ya vifurushi ya Nvidia yenyewe. Angalia `/etc/apt/preferences.d/cuda-repository-pin-600`: inaipa ripo hiyo kipaumbele 600, za Ubuntu zina 500, kwa hiyo maktaba zinatoka huku na moduli kule. `apt policy libnvidia-compute-535` itakuonyesha. Tengeneza faili `/etc/apt/preferences.d/nvidia-zuia`:

```
Package: nvidia-* libnvidia-* cuda-drivers*
Pin: origin developer.download.nvidia.com
Pin-Priority: -1
```

Sasa ndipo unafuta: `sudo apt purge '^nvidia-.*' '^libnvidia-.*'`, kisha `sudo ubuntu-drivers install nvidia:535`, uwashe upya. Alama za nukuu usiziache, la sivyo shell inaweza kuchezea nyota kabla apt haijaiona. Amri hiyo inaondoa pia nvidia-container-toolkit, kwa hiyo mwenye Docker airudishe. Na CUDA isakinishe kwa `cuda-toolkit`, si `cuda`, kwa sababu ya pili inaburuta draiva zake.

Jibu 3
Nyongeza: moduli ikikompailika lakini `sudo modprobe nvidia` ikajibu `Key was rejected by service`, ni Secure Boot, ulinzi unaokataa moduli isiyo na saini ya ufunguo unaoaminika. Hakikisha kwa `mokutil --sb-state`, halafu `sudo mokutil --import /var/lib/shim-signed/mok/MOK.der`. Utatunga nenosiri, mashine ikiwaka chagua Enroll MOK (kusajili ufunguo huo) kwenye skrini ya bluu, uliandike. Skrini hiyo haisubiri muda mrefu, na ukiipita inabidi urudie import.

Na keneli ya 6.2 usiifute kwa `apt autoremove` mpaka `nvidia-smi` isome vizuri ukiwa kwenye 6.5.