Tundu la kalamu ya mpingo linapanuka mdomoni, nakosea wapi?

Mkereza wa Ngamiani
Habari za usiku wakuu. Nipo Tanga, kibanda changu kipo uani kwa shangazi. Miguu ya vitanda na michi ya vinu nakereza miaka sasa, ila kalamu nimeanza juzi tu, baada ya mtu kuniagiza 20 za kugawa kwenye mahafali. Mti ni mpingo, masalia niliyopewa na wachonga vinyago.

Nakata kipande cha sentimita 6, nakibana kwenye chaki, yaani yale meno ya mashine ya kukerezea yanayozunguka. Biti ya kutobolea ya milimita 7 naifunga kichwa cha nyuma, kile kisichozunguka, nasukuma kwa gurudumu. Nikiingiza mrija wa shaba unaokaa ndani ya kalamu, mdomoni unacheza hadi nautikisa kwa kidole, ukifika katikati unakaza, hauendi mbele wala hautoki. Vipande 9 vimekwenda na maji. Viwili vilipasuka hapo hapo kwenye mashine, ta! nikaruka nyuma nikaangusha kopo la vanishi.

Biti nimenunua tatu. Ya mwisho nilimrudishia muuzaji nikamwambia ameniuzia bati. Mahafali ni Ijumaa ijayo na advansi nimeshaila. Nisaidieni.

Kobe wa Raskazone
Advansi unailaje kabla hujajua kutoboa 😂 Achana na hiyo mashine, bana kipande kwenye jiriwa utoboe kwa keekee ya mkononi.

Babu Msasa
Wewe Kobe usimpoteze mwenzio. Mkono hauwezi kunyooka sentimita 6 ndani ya mpingo.

Mwanangu wa Ngamiani, mimi nipo Bagamoyo, nimekereza tangu mashine tunazungusha kwa mguu. Huyo muuzaji kamwombe radhi. Biti iliyonolewa upande, makali ya upande mmoja marefu kuliko ya pili, hupanua tundu lote toka mwanzo hadi mwisho. Lako limepanuka mdomoni tu. Maana yake biti inagusa mbao nje ya kitovu chake, mbao inazunguka inaila pembeni, mpaka biti izame ndani ndipo inatulia. Kichwa chako cha nyuma kimehama. Funga chuma chenye ncha mbele, kingine nyuma, visogeze mpaka ncha zikaribie kubusiana. Weka karatasi nyeupe nyuma yake, uchungulie kwa juu kisha kwa ubavu. Usichungulie upande mmoja ukaridhika.

Kupasuka ni joto. Mpingo ukiutupa majini unazama, basi fikiria ulivyoshiba. Tena una mafuta, unga wake haupandi wenyewe kwenye mifereji ya biti, unashikana humo kama lami. Ingiza kiasi cha ukucha, chomoa biti yote nje, pangusa kwa brashi, rudi tena. Mizunguko 500 kwa dakika inatosha. Ukigusa biti ikakuunguza, zima ukanywe kahawa. Maji usimwagie.

Halafu kipande kiache kirefu kuliko mrija, na usitoboe ukatokea ng'ambo, kwani pale biti inapotokea ndipo panapobanduka. Simama kabla, kisha kata kile kitako kwa msumeno, tundu litajifungua lenyewe.

Binti Seremala
Shikamoo Babu. Naongezea la gundi, maana ndilo lililonitesa mimi. Kwa yale mafuta mrija haushiki, unakereza kalamu vizuri halafu unasikia mti unazunguka peke yake. Kwangua mrija kwa msasa mpaka mng'ao uishe, ndani ya tundu pitisha kijiti chenye pamba na maji ya kutolea rangi ya kucha, yale yenye asetoni. Acha yakauke. Tumia gundi ya kuchanganya, ulaze hadi kesho yake.

Mkereza wa Ngamiani
Babu, na mimi shikamoo. Nimetoka kibandani sasa hivi. Kwa juu ncha zilikuwa sawasawa kabisa, nikataka kubisha. Kwa ubavu, ya nyuma ipo juu karibu milimita 2! Nimeinua kichwa cha nyuma, chini yake nimekuta kigaga cha gundi ya mbao kimekauka kama jiwe, kila nikikaza bolti nakaza juu ya kigaga. Nimekibandua kwa patasi.

Kipande cha kumi kimetoka, mrija umeingia kwa kusukuma na dole gumba, mwanzo mwisho. Vimebaki 19 na siku sita. Kwa muuzaji wa biti naenda kesho asubuhi, nimemfungia na halua kidogo.