Hivi Dukes of Stratosphear ni bendi ya kweli au nimepigwa changa la macho?

mzee_wa_santuri: Wadau naombeni msaada, jana mshkaji kanirushia 25 O'Clock, rekodi ya hao Dukes, nikaisikiliza usiku na hedifoni, saa zinagonga mwanzoni kabisa, meletroni (kinanda kinachocheza sauti zilizorekodiwa kwenye tepu) inalia, gitaa kama tepu imegeuzwa, nikaapa hii ni 1967. Kucheki tarehe, 1985! Ni kina nani hawa?

besi_nzito: Hahaa umeingia mkenge kama wengi. Hao ni bendi ya XTC wa Swindon, Uingereza, wamejibadili majina tu, Andy Partridge ndo Sir John Johns, Colin Moulding anaitwa The Red Curtain, na Dave Gregory Lord Cornelius Plum, ngoma kapiga mdogo wake Dave. Na waliitoa 1 Aprili, siku ya wajinga, yani makusudi kabisa

mzee_wa_santuri: Duh! Kumbe utani

dada_kaseti: Utani ndiyo ila walioga wakatakata, mtu anayekejeli tu hawezi kupatia sauti zile. Prodyuza John Leckie alishafanya kazi studio za Abbey Road, walikorekodi Beatles, so mbinu za tepu anazijua, bajeti ilikuwa kama pauni 5,000 na wakamaliza wiki mbili hivi. Mi naona wakivaa vinyago ndo wanakuwa huru zaidi kuliko XTC wenyewe, sijui kwa nini. Tafuta na rekodi yao ya pili, Psonic Psunspot ya 1987, hiyo ndo naipenda zaidi

besi_nzito: Hapo kwenye kupenda zaidi nakukatalia, ya kwanza haina mpinzani