FAMILIA MOJA UJIJI 🛶 (mtumbwi wa Bibi)

*Jumatano*

Mama Zai 06:12
Asalaam alaykum familia, mmeamkaje. Jana nimeandika, naona watu 14 mmesoma na aliyejibu ni Hamisi peke yake, tena kwa kikatuni. Narudia. Jumamosi saa nne asubuhi kwa Mama pale Ujiji tunaanza kujifunza ile kazi yake ya kufuma lesi kwa mtumbwi, kile kifaa kidogo cha kushikia uzi chenye umbo la mashua, kila mtu aje na uzi wake wa pamba uliosokotwa ukakaza, SIO uzi wa sweta

Mama Zai 06:13
Na wa cherehani pia hapana, mwembamba mno, utalia

Mama Zai 06:21
Wasiojua, hii sio kroshia jamani. Kroshia ukikosea unavuta tu inafumuka yote unaanza upya huku unakunywa chai. Hii kila kitu ni fundo, ukishakaza umekaza, kufungua unahitaji sindano na subira ya mke wa mvuvi

Hamisi 07:44
shem mtumbwi mi ninao hapa Kibirizi, una na injini, unafuma dagaa usiku kucha 😂😂

Mama Zai 07:46
Hamisi naongea mambo ya maana

Kaka Juma 08:05
👍

Mama Zai 08:06
Baba Zai tuko nyumba moja unanitumia dole gumba

Zai Dodoma 12:30
Shikamoni wote. Mama mi nimeangalia video mpaka saa nane usiku, huko wanaiita tatingi. Nimefunga mafundo 20 vizuri kabisa af navuta ili pete ifunge, haifungi, nimevuta mpaka uzi umekatika. Nakosea wapi

Mama Zai 12:52
Marahaba mwanangu. Hapo ndo wote tunafia, mimi mwenyewe mwaka wa kwanza nimekaa Mama ananicheka tu. Fundo linatakiwa LIHAME. Unapitisha mtumbwi, fundo linajifunga kwa uzi wa mtumbwi, sasa usikaze, legeza vidole vya mkono wa kushoto, nyoosha uzi wa mtumbwi uwe kama kamba ya kuanikia nguo, utaona fundo linaruka linakwenda kwenye uzi ule uliozungusha mkononi. Ndo ukaze na kushoto. Lisiporuka pete haitafunga mpaka kiama. Na kila fundo lina nusu mbili, moja inapita juu moja chini, ukifanya nusu moja tu mfululizo linajisokota kama mkia wa nguruwe, astaghfirullah

Mama Zai 12:55
Jifunzie kwa rangi mbili, mtumbwini nyekundu mkononi nyeupe. Fundo likitoka jeupe umepatia. Likitoka jekundu rudi nyuma

Zai Dodoma 13:10
Aaah! Ndo maana. Mi nilikua nakaza kama nafunga gunia

Zai Dodoma 13:14
Af mnajua Wajerumani nao wanaiita kazi ya kimashua? Sawasawa na Bibi. Na Waitaliano jina lao linatokana na kupiga soga

Hamisi 13:15
hao Waitaliano walipita kibarazani kwa dada Mwajuma 😂😂😂

Zai Dodoma 13:16
😂 Na kuna malkia wa Romania, Elisabeth, alikuwa anafuma hivi hivi na umalkia wake

Hamisi 13:16
alikua hana dagaa wa kuanika huyo

Mama Zai 13:20
Mnacheka lakini kuna jambo. Jumanne Mama anapelekwa hospitali, macho, daktari kasema mtoto wa jicho, yote mawili. Akishafanyiwa hatujui atakaa muda gani bila kushika kazi. Ndo maana nasema Jumamosi HII

Hamisi 13:22
huyo mtoto wa jicho naye yumo kwenye mirathi?

Kaka Juma 13:23
Hamisi.

Hamisi 13:24
samahani kaka

Hamisi 15:02
*Picha*
migebuka ya leo hiyo, anayetaka aseme mapema, tena kwa ndugu nashusha bei

Binamu Tatu 15:30
Niwekee miwili mikubwa

Shemeji Idi 15:31
Na mimi. Unakausha au mbichi

Mama Zai 15:40
Haya. Uzi mmeshindwa, migebuka mmejibu

*Alhamisi*

Dada Mwajuma 10:17
Nimeona ujumbe sasa hivi bando liliisha. Mi nitakuja inshallah. Lakini wifi nikuulize, sitaki nionekane mchochezi, tunakwenda kujifunza mtumbwi, na mtumbwi wenyewe uko wapi? Ule wa pembe. Arobaini ya Baba ilikua 2016, tangu siku ile nani kauona

Mama Zai 10:25
Mwajuma tulikubaliana hayo hayaletwi humu

Dada Mwajuma 10:26
Nimeuliza tu. Mama sasa anafumia ule wa plastiki, unakwaruza uzi, kila siku anasema

Binamu Tatu 10:40
🙆🏾‍♀️

Hamisi 10:58
haya nani alisema migebuka mibichi

Shangazi Asha Tabora 21:58
Nimesoma kuanzia juu. Nilikua kazini nyie mnapiga soga. Huo mtumbwi SIKUCHUKUA, nilipewa. Na mbona mlipogawana vitambaa vya makochi hamkunipigia simu, vile vya vimasikio vya uzi Mama alivyovifanya mwaka mzima kwa ajili ya sebule, pete kwa pete, vimeishia kwa nani? Mwajuma jibu na hilo. Ukija na hesabu njoo na hesabu zote

Dada Mwajuma 22:03
Kitambaa nimepewa KIMOJA tena kina doa la mawese

Shangazi Asha Tabora 22:04
*Ujumbe huu umefutwa*

Shangazi Asha Tabora 22:09
*Ujumbe huu umefutwa*

Mama Zai 22:15
Jamani usiku huu. Wifi zangu nawaomba. Tulale

*Ijumaa*

Saidi (kwa Bibi) 14:20
Shikamoni. Bibi ameniambia nimsomee yote tangu juzi, nimemsomea. Hata ya mtoto wa jicho

Hamisi 14:21
yalabi

Saidi (kwa Bibi) 14:23
🎤 1:09

Saidi (kwa Bibi) 14:31
Wenye simu ndogo naandika. Anasema hivi: "Mtumbwi nilimpa Asha, mimi, kwa mkono wangu. Marehemu baba yenu aliuchonga kwa pembe ya ng'ombe kwa kile kisu chake cha nyavu, nilikua nimetoka Tabora msichana, nimefundishwa na sista wa misheni wakati baba yangu yuko reli, nina uzi sina mtumbwi. Watoto wote mlikua mnapita hapa mnasema Mama nzuri hii, nipe moja. Asha alikaa miaka mitatu anafuma. Nilimpa afume. Sijaona hata pete moja kutoka Tabora. Hilo ndilo nalolia mimi, mtumbwi wala. Na hayo macho msiyafanye sababu, mimi nafuma taa ikiwa imezimwa, ni vidole. Fundo lenyewe ni lile la kufungia mbuzi, hata Hamisi analijua. Mama Zai mwanangu, usiniletee watu kumi na nne wa kula pilau. Niletee wawili wanaotaka."

*Jumamosi*

Kaka Juma 05:50
Tumesikia Mama.

Binamu Tatu 06:30
🙏🏾

Mama Zai 06:41
Shikamoo Mama. Sawa. Leo basi hatukusanyiki, tunasogeza iwe kesho Jumapili, wawili tu, najaza orodha:
1. Zai (bosi wake bado hajatoa ruhusa)
2.

Mama Zai 09:15
Mbili?

Mama Zai 11:02
Nani namba mbili jamani. Mimi nishajua kiasi siwezi kula nafasi

Hamisi 11:20
niandike mimi

Mama Zai 11:21
Hamisi leo sio siku ya utani

Hamisi 11:34
sitanii shem. ziwa limechafuka siendi kuvua mpaka jumatatu. fundo nalijua, sijui hayo mambo ya kuhama tu

Zai Dodoma 11:40
Baba mdogo 😭😭 na vidole vile

Hamisi 11:41
vidole hivi hivi vinaziba nyavu za macho madogo, wewe pete moja imekukatia uzi

Shangazi Asha Tabora 19:47
Shikamoo Mama. Saidi msomee. Nimeutoa kabatini leo. Bado una uzi ndani, ule mweupe, kipande nilichoacha ile wiki ya msiba, sikuweza kuendelea. Kuna basi alfajiri, sijajua kama nitapata ruhusa, na sitaki kuutuma kwa dereva ukapotea nikasemwa tena

Dada Mwajuma 20:30
Asha ukija shukia kwangu

Dada Mwajuma 20:31
Na kitambaa nitakufulia hilo doa, nikishindwa ukichukue na doa lake

Mama Zai 20:33
Sasa wifi unakuja au huji, maana nikihesabu wewe, Hamisi na Zai mnakua watatu na Mama kasema wawili

Mama Zai 21:10
Asha?

Shemeji Idi 22:48
Samahani nimechelewa. Ile migebuka yangu nani kachukua

Binamu Tatu 23:05
Na huo uzi ni namba ngapi, nisije nikanunua mbovu

Mama Zai 23:06
20. Anayeanza achukue 10 mnene kidogo. Ila yule mama wa soko la Mwanga kabaki na mweupe tu