Kwa nini Zygmunt Miłoszewski alimwacha Szacki baada ya riwaya tatu?

Msomaji wa Langoni, Lamu
Assalaam aleikum, wasomaji wenzangu. Nimemaliza riwaya tatu za Zygmunt Miłoszewski, mwandishi wa Poland aliyezaliwa mwaka 1976, zinazomhusu mwendesha mashtaka Teodor Szacki: *Uwikłanie* ya 2007, *Ziarno prawdy* ya 2011 na *Gniew* ya 2014. Nimezisoma kwa tafsiri ya Kiingereza ya Antonia Lloyd-Jones. Mbili za kwanza zilimpatia tuzo ya riwaya bora ya uhalifu nchini kwao, na zote mbili zikatengenezewa filamu, ingawa filamu ya *Uwikłanie*, ya 2011, ilimgeuza Szacki kuwa mwanamke, jambo ambalo sijalielewa hadi leo. Mwandishi ambaye mhusika wake amependwa kiasi hicho anamfungia mlango kwa nini? Nauliza kwa sababu katika kikundi chetu cha usomaji yumo kijana anayeandika riwaya ya upelelezi ya hapa Mkomani, naye ameshapanga mfululizo wa vitabu kumi kabla hajakamilisha cha kwanza.

Mwalimu mstaafu, Shela
Wa aleikum salaam, ndugu yangu. Nadhani jibu limo katika mwanzo wake. Miłoszewski alikuwa mwandishi wa habari aliyeripoti kesi za mahakamani, na riwaya yake ya kwanza, *Domofon* ya 2005, ilikuwa ya kutisha, kisha akaandika kitabu cha watoto. Szacki alikuja baadaye. Tena kila riwaya ya Szacki imechukua mji wake na donda lake. Ya Warsaw, *Uwikłanie*, inaanza na maiti iliyochomwa chuma cha mishikaki jichoni, baada ya kikao cha tiba ya nafsi, na taratibu inafika kwenye mabaki ya idara ya usalama ya zama za ukomunisti. Ya Olsztyn, *Gniew*, inahusu ukatili wa majumbani.

Iliyonishika zaidi ni *Ziarno prawdy*, ya Sandomierz, mji mdogo wa kale unaotembelewa na watalii, ambako mwanamke anakutwa amekatwa koo karibu na lililokuwa sinagogi, na papo hapo uzushi wa zamani kwamba Wayahudi huua watoto wa Kikristo unafufuka midomoni mwa watu. Mchoro wa karne ya 18 unaoonyesha uzushi huo umo kweli katika kanisa kuu la mji huo, hakuubuni yeye. Szacki ni mgeni aliyehamia kutoka Warsaw, kwa hiyo anayaona ambayo wenyeji wamezoea kuyapita, lakini hajui nani ni shemeji ya nani. Mwandishi akishachimbua mambo mazito namna hiyo mara tatu, sioni angeyapata wapi ya mara ya kumi bila kuanza kuyatengeneza.

Bi Msomaji, Malindi
Mwalimu, shikamoo. Nakubaliana nawe nusu. Tazameni miaka: *Bezcenny*, riwaya ya kuutafuta mchoro wa Raphael uliopotea wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, ilitoka 2013, kabla ya *Gniew*, kwa hiyo alikuwa ameshatoka nje ya upelelezi wa Szacki kabla ya kumuaga. Mwaka 2017 akaandika *Jak zawsze*, ambamo mume na mke wazee wanaamka katika Warsaw ya 1963 isiyofanana na ile ya historia. Lakini 2020, katika *Kwestia ceny*, alimrudia Zofia Lorentz, mhusika wa *Bezcenny*, basi si kwamba hapendi kurudia wahusika. Na sisi wenyewe tuna Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, aliyerudi kitabu baada ya kitabu na kiko chake, wala hatukumchoka.

Msomaji wa Langoni, Lamu
Ahsanteni sana. Mpelelezi wa kijana wetu ni mzaliwa wa Mkomani. Je, amfanye mgeni?

Mwalimu mstaafu, Shela
Amwache mwenyeji, ila ampe shemeji miongoni mwa washukiwa. Na azingatie kwamba Poland mwendesha mashtaka ndiye anayeongoza uchunguzi, ilhali kwetu kazi hiyo huanza na polisi. Akimwiga Szacki bila kulibadilisha hilo, msomaji yeyote aliyewahi kuandikisha taarifa kituoni atamkamata ukurasa wa pili.