Sukari imepanda mimba ikiwa wiki ya 27, je, kongosho langu limeharibika?

BintiMakorora

Asalaam aleikum, na shikamooni mlio wakubwa. Niko Tanga mjini, Makorora, mimba ya pili, wiki ya 27. Juzi kliniki wamenipima sukari kile kipimo cha kunywa maji ya glukosi. Nikiwa nimefunga imesoma 5.4, baada ya saa mbili 9.1. Nikaambiwa ni kisukari cha mimba, nikapewa karatasi ya vyakula na tarehe ya kurudi. Foleni nyuma yangu ilikuwa ndefu, nikaona haya kuuliza zaidi.

Kinachoniumiza ni maneno ya nyumbani. Wifi yangu anasema nimejitakia kwa visheti vya kila jioni. Mama mkwe anasema sukari ikishaingia mwilini haitoki, ni ya maisha. Kabla ya mimba nilipimwa nikawa sawa. Mimba ya kwanza hawakunikuta na kitu, ila mtoto alizaliwa na kilo 4.1. Nataka kuelewa tu: hizi homoni za mimba zinaliua kongosho? Na nikijifungua litarudi hali yake?

MkungaMstaafu_Chumbageni

Waaleikum salaam, marhaba mwanangu. Nimefanya kazi wodi ya wazazi mpaka nikastaafu, na hilo neno "umejitakia" nimeliona likiwaliza wanawake wengi mno. Wewe lisikulize. Visheti itabidi uviache kwa sasa, lakini peke yake havikukuletea hili. Na kongosho lako halijauawa na homoni. Soma taratibu, nitaandika kirefu.

Ndani ya kongosho kuna vikundi vidogo vidogo vya seli. Mjerumani Paul Langerhans alivieleza mwaka 1869, ndiyo maana vinaitwa visiwa vya Langerhans. Humo ndimo zinamokaa seli za beta, na hizo ndizo zinazotengeneza insulini. Ukila, sukari inapanda kwenye damu, seli za beta zinatoa insulini, misuli na mafuta yanaichukua sukari, na ini linaacha kuimwaga nyingine.

Mimba ikivuka nusu, kondo la nyuma linatoa homoni kwa wingi: laktojeni ya kondo, homoni ya ukuaji ya kondo, projesteroni. Kortisoli nayo inapanda. Homoni hizi zinaifanya misuli yako isiitii insulini kama zamani. Mama mzima kabisa, asiye na ugonjwa wowote, anapokaribia kujifungua mwili wake huwa umepoteza karibu nusu ya uwezo wa kuitikia insulini, pengine na zaidi. Mwili umepangwa hivyo: mama atumie mafuta zaidi, glukosi apate mtoto.

Tulipokuwa kazini mafunzo mengi yaliishia hapo, kwamba kondo linaipinga insulini. Upande wa pili nimeusoma baadaye na ninaupenda sana, kwa sababu kondo hilohilo ndilo linalolipelekea kongosho amri ya kuongeza kazi.

Kwa panya jambo hili limeonekana wazi. Laktojeni ya kondo, pamoja na prolaktini ya tezi ya pituitari inayoandaa maziwa, zinashika kipokezi kimoja kilichopo juu ya seli ya beta. Zikishashika, ndani ya seli inapungua protini iitwayo menin, ambayo siku zote inazizuia seli hizo zisigawanyike. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walilionyesha hilo mwaka 2007. Mwaka 2010 likatolewa jingine ambalo lilinifanya nirudie kusoma: seli za beta za panya mwenye mimba zinaanza kutengeneza serotonini kwa wingi, kemikali ambayo wengi tunaisikia kwenye mambo ya ubongo, na serotonini hiyo inazichochea seli zigawanyike na kuongezeka. Tena kila seli inakuwa nyepesi kuliko zamani, inaanza kutoa insulini hata kabla sukari haijapanda sana.

Kwetu binadamu si rahisi kuchunguza, maana hakuna atakayemkata mjamzito kongosho alitazame. Wapo waliochunguza makongosho ya wanawake waliofariki wakiwa na mimba, na matokeo yao yalitoka pia mwaka 2010. Waliona seli za beta zimeongezeka kama mara 1.4, na zaidi kwa njia ya visiwa vipya vidogo, si vile vya zamani kunenepa. Panya anaongeza mara mbili na kuendelea, kwa hiyo tusiyachukue ya panya yote tukayahamishia kwetu. Hata hivyo insulini inayotoka kwa mama kuelekea mwisho wa mimba inafika mara mbili ya kawaida, na kuzidi.

Mchukulie fundi cherehani pale Ngamiani wiki ya mwisho ya Ramadhani. Oda zinamiminika, anaongeza mashine, anaita vijana, anakesha. Wengi wanamaliza nguo zote kabla ya Idi. Mwenye kibanda kidogo oda zinamzidi, na mashine zake ni nzima kabisa. Kongosho lako liko hivyo: linafanya kazi, tena zaidi ya lilivyofanya kabla ya mimba, ila mahitaji yamelizidi. Wapo wanawake ambao akiba yao ya seli za beta ni ndogo toka mwanzo, au mwili wao ulikuwa mzito kuitikia insulini hata kabla ya mimba. Kurithi kuna nafasi yake, umri upo, uzito upo, na wembamba nimewaona pia. Mtoto wa kilo 4.1 mimba iliyopita ilikuwa dalili ya kukuangalia kwa karibu safari hii.

Namba zako: tukifuata viwango vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2013, ukiwa umefunga mpaka ni 5.1, baada ya saa moja 10.0, baada ya saa mbili 8.5. Umevuka, lakini kidogo. Wengi wa namna yako tulikuwa tunawashusha kwa chakula na kutembea tu. Usiache kula, na usijifungishe. Punguza wali na chapati sahani ibaki na nafasi ya samaki, maharage, mchicha, mchunga. Chai bila sukari. Chungwa moja la Muheza ule zima. Juisi ya machungwa matano kwenye glasi moja hapana. Baada ya kula tembea, hata ni kuzunguka mtaa.

Ukijifungua, kondo likishatoka, homoni zake zinashuka na mwili unaanza kuitii insulini haraka sana, kwa wengi ndani ya siku chache. Kwa hiyo mama mkwe wako mpe heshima yake, lakini kwa wengi sukari hii inaondoka.

MamaMapacha_Pongwe

Bi Mkunga Mungu akuzidishie. Naomba niongeze langu kwa huyu mdogo wangu. Mimi yangu iliondoka kama ulivyosema, nikatoka wodini sukari ya kawaida, hakuna aliyeniambia nirudi. Mapacha wameanza shule ndipo nikaanza kiu isiyokwisha na kwenda chooni usiku kucha. Kupima, kisukari cha kudumu. Sasa hivi natumia vidonge na naendelea vizuri, ila ningependa ningeambiwa mapema.

MkungaMstaafu_Chumbageni

Pole mwanangu, na ahsante kwa kulisema, maana hapo ndipo tunapowapoteza wengi. Aliyepata kisukari cha mimba, hata kikiondoka, hatari yake ya kupata kile cha aina ya pili huko mbele ni kubwa mara nyingi kuliko ya mwanamke ambaye hakukipata. Zile seli zilizozidiwa na mimba zitakutana na uzito na umri. BintiMakorora, kati ya wiki ya 6 na ya 12 baada ya kujifungua kipimo kile cha glukosi gramu 75 kirudiwe, na ukiwa sawa, usikae zaidi ya miaka mitatu bila kupima. Omba wakuandikie kwenye kadi ya kliniki sasa hivi, ukiwa bado una mimba, kwa sababu ukishakuwa na kichanga mkononi utasahau. Na unyonyeshe, wanaonyonyesha wanakuwa na hatari ndogo kidogo ya kisukari baadaye.

BintiMakorora

Nimesoma yote na nimemsomea mume wangu pia. Ahsanteni sana, kifua kimekuwa chepesi. Moja la mwisho, Bi Mkunga: daktari alidokeza kwamba chakula kisipotosha nitaanzishiwa insulini ya sindano. Naiogopa. Si itamwingia mtoto?

MkungaMstaafu_Chumbageni

Haimwingii. Insulini ya sindano haipenyi kondo kwa kiasi cha kumdhuru mtoto. Kinachopenya ni glukosi yako. Ikiwa nyingi kwako inakuwa nyingi kwake, naye kongosho lake dogo linatoa insulini nyingi kuimaliza, ndiyo maana ananenepa tumboni. Daktari Jørgen Pedersen wa Denmark alilieleza hili miaka ya 1950. Akizaliwa, kitovu kikakatwa, glukosi ya mama inakoma ghafla lakini insulini yake bado iko juu, na sukari yake inaporomoka. Nimewapokea wa namna hiyo: mtoto mkubwa, mashavu yamejaa, vidole vinatetemeka, hataki kunyonya. Unamchoma kisigino, kipimo kinasoma chini ya 2, mnakimbilia dripu ya glukosi.

Kwa hiyo wakikuandikia insulini, kubali. Inachomwa chini ya ngozi, pajani au tumboni. Sindano ni fupi na haimfikii mtoto. Watakuonyesha kupima kwa kidole, namba zako ziandike kwenye daftari uende nalo kila kliniki. Na ukiona unatetemeka, jasho linakutoka, macho yanaona giza, pima kama kipimo kipo karibu, kama hakipo usisubiri: kunywa maji yenye vijiko vitatu vidogo vya chai vya sukari, kaa, halafu wapigie kliniki.