The Immaculate Collection kwenye santuri: nichukue ya 1990, toleo la kurudiwa au Celebration?

Mgeni_wa_Sindano (mleta mada)
Wakuu, heshima kwenu. Nimepata mashine ya santuri na nataka Madonna awe wa kwanza kuzunguka juu yake. Nimekwama kwenye tatu hizi:

1. The Immaculate Collection ya mwaka 1990, mkusanyiko wa vibao vyake, santuri mbili, imetumika. Muuzaji anasema "safi kabisa". Sijawahi kukutana na muuzaji anayesema vinginevyo.
2. Albamu hiyohiyo, toleo la kurudiwa, jipya, bado limefungwa.
3. Celebration ya 2009, mkusanyiko wake mwingine, santuri nne.

Sitaki pambo la rafuni, nataka kusikiliza. Mngekuwa nyie mngebeba ipi?

BiSanturi
Karibu mwanangu. Kabla hujalinganisha miaka, jua kwamba unalinganisha nyimbo ambazo si zilezile. Hapo ndipo wengi huteleza.

Hii ya 1990 haikuwa kazi ya kuokota vibao vya zamani na kuvipanga tu. Nyingi zilichanganywa upya kwa QSound, ujanja wa kidijitali unaofanya sauti ionekane inatoka nje ya spika, pembeni kabisa, mahali pasipo na spika. Na baadhi zilikatwa. Holiday kwenye albamu yake ya kwanza ya 1983 ilikuwa na dakika sita na ushee, humu ni nne. Express Yourself ndiyo usiseme: iliyomo ni rimiksi ya prodyuza Shep Pettibone, mdundo mwingine kabisa. Mimi niliizoea ile ya kaseti ya Like a Prayer, siku ya kwanza kuisikia hii nikaenda kuangalia lebo nikidhani nimeweka santuri ya mtu mwingine.

Kwenye Celebration, Holiday ipo nzima, na unapata vya baadaye kama Frozen, Music na Hung Up. Lakini Rescue Me haimo, na mimi hiyo siachi.

Fundi_Mifuo
Bi mkubwa kamaliza upande wa nyimbo, niongeze wa santuri yenyewe.

Nyimbo ni 17, pande ni nne. Piga hesabu: lazima upande mmoja ubebe tano. Huo ni upande wa mwisho: Express Yourself, Cherish, Vogue, Justify My Love, Rescue Me. Karibu dakika 24. Upande ukirefuka hivyo, mifuo, yaani vile vijia ambamo sindano hupita, inabanana, na anayeichonga analazimika kupunguza sauti au besi ili ienee. Ndiyo maana ukifika upande huo utajikuta unaongeza sauti kidogo.

Kuna na hili. Santuri inazunguka mara 33 na theluthi kwa dakika, mwanzo mpaka mwisho, ila duara linapungua. Ukingoni sindano inapitiwa na kama sentimita 51 za mfuo kila sekunde. Karibu na lebo ni kama 21 tu. Sauti ileile imebanwa kwenye nafasi isiyofika hata nusu, hivyo "s" za mwimbaji zinaanza kukwaruza. Na nani kakaa hapo kwa lebo? Rescue Me ya BiSanturi, dakika tano na nusu. Toleo lolote utakalochukua, 1990 au jipya, mpangilio ni huohuo. Dawa yake ni sindano nzuri iliyofungwa sawasawa.

Kaseti_Haifi
Samahani wakuu, mchanganyiko wenyewe wa kidijitali na kwenye CD albamu nzima inaenea kwenye kisahani kimoja. Si achukue CD aokoe nafasi ndani?

Fundi_Mifuo
@Kaseti_Haifi kwa sauti tupu sibishani na wewe. Ila mtu kanunua mashine ya santuri, unamwambia anunue CD aizungushe wapi?

Kaseti_Haifi
😂 Haya, nimekaa.

Dada_Upande_B
Mie ninazo zote mbili, ya 1990 na ya kurudiwa, kwa hiyo nitasema nilichosikia kwangu, si nilichosoma.

Ya zamani yangu inapasukapasuka kwenye Crazy for You. Wimbo wenyewe wa taratibu, hauna pa kuficha kitu. Aliyekuwa nayo mwanzo aliitunza kwenye karatasi kavu, ikajaa mikwaruzo myembamba kama nywele ambayo huioni mpaka uiinamishe chini ya taa. Nimeiosha kwa maji yaliyotoneshwa mara mbili, vumbi limetoka, mikwaruzo iko palepale.

Ya kurudiwa kimya chake ni kizuri zaidi, lakini ya kwanza niliyoletewa tundu halikuwa katikati. Utajuaje? Usisikilize, tazama. Weka jicho kwenye kichwa cha sindano wakati santuri inazunguka: kikiyumba kushoto kulia kama mlevi anayetafuta mlango, tundu limekosewa. Kisha sikiliza Live to Tell, zile noti ndefu za kinanda zitapanda na kushuka. Niliirudisha, ya pili ikawa sawa.

Kwa hiyo kati ya 1 na 2, mimi sitazami mwaka. Natazama ipi naweza kuirudisha.

Mgeni_wa_Sindano
Asanteni sana. Swali la kijinga: nikikuta santuri nzito ya gramu 180 niipe kipaumbele? Na za rangi je?

Fundi_Mifuo
Gramu 180 inakaa vizuri mkononi, basi. Kina cha mfuo ni kilekile, nyama imeongezeka chini. Ya rangi ikichapwa vizuri haina neno. Nyeusi yenyewe ni rangi tu, plastiki hiyo kwa asili haina rangi, huongezewa kaboni. Unayopaswa kuikwepa ni ile yenye picha mpaka kwenye eneo la mifuo. Picha iko chini ya ngozi nyembamba ya plastiki, na mara nyingi unasikia kama mtu anakaanga kitu chumba cha pili.

BiSanturi
Na spika zako zisiwe moja sebuleni moja jikoni. QSound inataka ukae katikati yake, la sivyo ule ujanja wote umekupita.

Mgeni_wa_Sindano
Mrejesho wakuu. Ile ya 1990 nilikwenda kuiona, nikaiinamisha chini ya taa kama dada alivyosema. "Safi kabisa" ilikuwa na alama ya kidole cha mtu kutoka lebo mpaka ukingoni, na mkwaruzo mmoja unaohisika kwa kucha. Nikashukuru, nikaondoka.

Nimechukua ya kurudiwa. Kichwa cha sindano kimetulia, Live to Tell haiyumbi. Upande wa mwisho kweli sauti iko chini kidogo, na "s" za Rescue Me zinakwaruza, Fundi ulinitabiria. Express Yourself nimeirudia mara tatu na bado naitafuta ile ninayoijua. BiSanturi, Celebration ya santuri nne ina uzito gani kwenye rafu?

BiSanturi
Hiyo rafu yako ina misumari mingapi?